Alama Moja Chini ya E

Jumanne, 6 Januari 2026

Mkaguzi amekuja na ameondoka. Nimemngoja tangu alfajiri kama mtu anayekuja kuposa.

Niliwasha hita saa kumi na moja — mimi, ninayemgombeza binti yangu Ann akiigusa ile swichi kabla ya jioni. Redieta zote. Hata ya chooni. Mama Bhavini, mwenye nyumba, aliniambia tu kwamba kuna mtu atakuja kukagua nyumba inavyotunza joto, kile cheti cha zamani kimeisha muda. Basi kama ni joto, nikampikia joto. Nikawasha na oveni, nikaoka mkate wa ndizi. Kufika saa nne sebule ilikuwa moto hadi vioo vinatoa jasho.

Kumbe kijana hapimi joto hata kidogo! Kipima joto chenyewe hana. Ana tochi, kifaa cha mwanga mwekundu cha kupimia urefu, na simu ya kupiga picha. Akapiga picha boila. Akagonga kuta, akapima unene wake pale mlangoni. Akahesabu taa. Akauliza nyumba ilijengwa mwaka gani, nikamwambia sijui, labda kabla babu yangu hajazaliwa. Chai ya maziwa alikunywa, mkate alikula vipande viwili, nikaona mambo yananyooka.

Halafu akauliza mlango wa kuingilia darini uko wapi.

Uko chumbani kwetu. Juu ya kitanda, upande wa mume wangu, Kibet. Na Kibet yuko kazini kwenye maghala. Sasa mimi peke yangu, mwanamume nisiyemjua, nimpandishe chumba cha kulala, asimame juu ya kitanda changu na mwenyewe hayupo? Kwa akina Kibet hata ndugu yake wa damu haingii chumba hicho. Kwetu Kakamega ndiyo usiseme. Nikamwambia pole, huko haiwezekani. Akauliza kama kuna shida. Hakuna shida, nikasema, ila haiwezekani. Akaandika kitu kwenye simu, akasema sawa tu. Nikamfungia na mkate wa kubeba.

Kibet aliporudi nikamsimulia. Akasema umefanya vizuri. Alilisema mara mbili, na harakaharaka.

Alhamisi, 8 Januari

Tumepata F.

Mama Bhavini amenipigia nikiwa kazini Ponders End, namvalisha soksi bibi mmoja ninayemtunza. Mama Bhavini alizaliwa Kisumu, sasa anakaa Southall, na akikasirika huacha Kiingereza akaingia Kiswahili. Leo hakupita hata kwa Kiingereza. "Maureen, wewe umemfanyia nini yule kijana?"

Nikasema nilimpa chai.

Akanieleza polepole, kama mtoto. Nyumba zinapewa daraja kuanzia A hadi G. Nyumba ya kupangisha lazima iwe E au juu yake. F hairuhusiwi — ni sheria. Sisi tumepata alama thelathini na nane, na E inaanza thelathini na tisa. Alama moja! Kuta hizi za matofali matupu hawezi kuzivalisha, hana nguvu za mafundi tena umri huu. Ataleta mkaguzi mwingine mwezi huu. Ikibaki F, anauza. Hemal, mwanawe, amekuwa akimsukuma auze tangu mwaka jana. "Mimi sikufukuzi," akasema. "Lakini nitauza."

Sasa hiyo si ndiyo kufukuzwa?

Miaka tisa. Ann alijifunza kupanda ngazi katika nyumba hii, na Septemba anaingia sekondari ya hapo mbele. Tukitoka hapa hatupati nyumba nyingine hapa Edmonton, London, kwa kodi hii, hiyo najua, nimeona wenzangu kazini wanavyohangaika. Tutasukumwa hadi mahali sijui jina lake. Ninaogopa. Wacha niiandike hivyo hivyo.

Bibi ameniambia nimemvalisha soksi mbili mguu mmoja. Ni kweli.

Ijumaa, 9 Januari

Nimekisoma kile cheti kwenye basi, kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mwingine. Nyumba yangu imeandikwa vibaya kama mtoto aliyeshika mkia. Kuta: mbaya sana. Madirisha ya mbele, kioo kimoja: mbaya. Sakafu: haina kitu. Boila: wastani. Halafu paa — hapo nikasimama, nusura nipite kituo changu. Paa wameandika kwamba halikufikika, kwa hiyo wanakisia halina sufi ya kuzuia joto.

Wanakisia!

Kwetu, karani asichokiona anaacha nafasi wazi, atakwambia rudi kesho ujaze. Hapa asichokiona anaandika hakipo. Mimi nilidhani nimemnyima kijana chumba tu. Kumbe nimeinyima nyumba paa. Na inasemekana robo ya joto la nyumba hutorokea paani, kwa hiyo hiyo ndiyo alama iliyotupotea, hiyo na nyingine juu yake.

Lakini sufi iko! Nakumbuka siku tunahamia Mama Bhavini alijisifu nayo, amewekewa na kaunsili bure. Nikafika nyumbani nimechangamka, nikamwambia Kibet, jambo ni dogo, mkaguzi aje siku wewe upo, apande, amulike, aione, aondoke.

Kibet akamega ugali. Akamega tena. Mwishowe akasema huko juu hakuingiliki.

Kwa nini?

Kumejaa.

Basi tushushe. Tushushe tuweke wapi, akasema, akaenda kuoga. Aliacha maji yakimwagika muda mrefu.

Najua kumejaa. Ni vitu vya nyumbani — vya ile nyumba ya Kapsabet anayoijenga tangu Ann yuko tumboni. Kila akipata kitu cha bei nzuri anakipandisha. Mimi hushika ngazi tu, sijawahi kupanda.

Jumapili, 11 Januari

Jana nilikwenda soko la Walthamstow nikanunua utepe wa sponji wa kuziba mianya. Nimeziba madirisha yote. Mlango wa mbele nimeufungia khanga kuukuu iliyoviringishwa, chini kabisa. Nimeziba hata tundu la barua, leo posta haiji. Nilizunguka na kijiti cha udi kinachofuka, nikitazama moshi unakopinda — sebuleni moshi unalala kabisa, upepo unaingia pale bomba linapotoboa ukuta. Nikatia gazeti. Ann ananifuata nyuma, ameniambia kwa Kizungu kwamba ninatisha kidogo.

Baadaye nikasoma. Mianya ukiziba unasikia joto, ndiyo, lakini kwenye alama haikufikishi mbali. Wanataka paa, kuta, boila. Siku nzima nimejisumbua kwa kitu wasichokihesabu.

Kanisani nikamweleza Shiku. Shiku ni rafiki yangu tangu tulipoanza kazi ya kutunza wazee, na hana huruma. Alicheka hadi akashika kiti. "Maureen, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wewe ukamwonyesha mlango na chai!" Akauliza kwani kile kitanda chenu kina nini. Nikamwambia akome, tuko kanisani. Lakini na mimi nilicheka, na baada ya kucheka nikawa sina raha tena.

Siwezi kukaa. Nimekunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nimeshika kila redieta kwa kiganja. Kibet ametazama mpira bila sauti.

Jumatatu, 12 Januari

Nimepanda.

Kibet yuko zamu ya mchana, Ann shuleni, nikasukuma kitanda kando. Ngazi ya kukunja, tochi ya simu. Mlango ule mwepesi kumbe, karatasi ngumu tu. Baridi ikanimwagikia usoni.

Sikuamini nilichokiona. Kwanza vitu vyenyewe. Masanduku, maboksi, magunia ya nailoni, vimepangwa kwa ustadi, kila kimoja na karatasi yake imeandikwa kwa mkono wa Kibet: JIKONI. BAFU YA WAGENI. CHUMBA CHA MAMA. Masinki mawili ndani ya mablanketi. Choo cha kukalia kizima, bado kina plastiki. Mifereji, vitasa vya milango, seti ya sahani. Mapazia mazito ya sebule. Mama yake tulimzika miaka mitatu iliyopita, na CHUMBA CHA MAMA bado kiko pale na taa zake za kitandani.

Halafu sufi. Nilitafuta sufi. Iko — imeviringwa na kusukumwa pembeni kabisa chini ya paa, marobota kwa marobota, na nyingine imelaliwa na masanduku hadi imekuwa nyembamba kama chapati. Katikati pote ameweka mbao apate kupanga mizigo. Juu ya chumba cha Ann hakuna kitu, plasta tu. Nimeweka mkono hapo. Nilisikia ujoto wa redieta yake unapita vidoleni mwangu unaondoka zake.

Mtoto huyu amekuwa akilala na soksi na kofia, nami namwambia avumilie, London ni baridi.

Kumbe kijana angepanda asingeona la maana. Kibet alijua. Ndiyo maana alinisifu.

Nimeshuka, nikarudisha kitanda, nikapika. Nimekwangua karoti hadi nikajikwangua kidole.

Jumatano, 14 Januari

Nilipanga kusema kwa utaratibu. Sikuweza. Alipovua viatu tu nikasema nimepanda darini, na sufi ya mwenye nyumba umeiviringa kama godoro la mgeni.

Hakukana. Kibet hasemi uongo, shida yake ni kutosema. Akaeleza kwamba alipoanza ilikuwa kwa mwaka mmoja tu, nyumba ya Kapsabet ilikuwa imefika linta, bado mabati, akasema huu ni mwaka, mizigo itaondoka na sufi ataitandaza tena. Mwaka ukazaa mwaka. Kuta ziko hapo hapo, zimefika juu ya madirisha, basi. Nduguye Elkana ndiye aliyekuwa akisimamia mafundi, na Elkana mwenyewe ameondoka mwaka jana, amefuata kazi Canada. Siku hizi wanaoingia humo ndani ni ng'ombe wa jirani, wakikimbia mvua.

Nikamwambia sawa. Mizigo ishuke, sufi itandazwe, mkaguzi aione, tupate E yetu. Akauliza mizigo iende wapi. Nikasema iuzwe. Au tuitumie. Tunakula kwa sahani zisizofanana na juu ya kichwa changu kuna seti nzima!

Hapo akabadilika. Akasema, kwa hiyo hatuendi tena.

Sijasema hatuendi, nikamjibu. Nimesema tusitolewe hapa kwanza.

Akasema mkataa kwao ni mtumwa.

Aliisema taratibu, bila hasira, na ndiyo iliyoniuma. Mimi, ninayeamka gizani kuosha wazee wa watu, mama yangu Kakamega akipata dawa zake kila mwezi — mtumwa. Jibu nilikuja kulipata naosha vyombo: kwamba aliyelala na kofia ni mtoto wake, na kwao ni hapa. Lakini alikuwa ameshalala, na jibu la kuchelewa hulibeba mwenyewe.

Nina hasira naye. Na ninamhurumia. Vyote viwili vinanipanda kifuani sijui niketi wapi.

Jumamosi, 17 Januari

Mama Bhavini amekuja mwenyewe, kutoka Southall hadi Edmonton, treni na mabasi mawili, na chevra za kutafuna kwenye mfuko. Hakuvua koti. Alikaa sebuleni akatazama utepe wangu wa sponji, akasema kazi nzuri lakini dirisha hili la kati linatakiwa lipumue, utaotesha ukungu.

Nilikuwa nimeamua nisimchongee mume wangu. Kibet akajichongea. Akamwambia yote, amesimama, mikono nyuma. Sufi nimeiondoa mimi mama, nikaweka mizigo ya nyumbani.

Nilidhani atafoka. Akauliza nyumbani wapi. Kapsabet. Akatikisa kichwa — kumbe wao Kisumu walikuwa wakitazama juu, wanaona milima ya Nandi, mvua ikianzia kule. Wakaongea mvua weee, nikaenda kuongeza maji ya chai. Kiswahili chake cha Kisumu ni kile cha dukani, maneno mengine anayapanga anavyotaka, lakini Kibet alikuwa anamsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi.

Niliporudi Mama Bhavini anasema mama yake aliletwa huku na sufuria zake zote za shaba, akakataa kuzitumia, za kurudia Kisumu hizo. Alizificha chini ya vitanda. Watoto walipikiwa kwa sufuria moja yenye mpini uliokatika. "Alipokufa nikatupa mimi mwenyewe, zote. Hakuna mtu alitaka." Akachukua chevra akala.

Kibet akatoka nje bila koti. Alikaa huko uani, namwona kwa dirisha, ametazama paa la jirani. Paa la jirani lina barafu nyeupe, la kwetu barafu imeyeyuka yote. Alisimama akiyatazama mapaa hayo mawili.

Mama Bhavini amesema mkaguzi atakuja Jumamosi ijayo. Na safari hii ni mwanamke. "Sasa hutakuwa na maneno ya kitanda," akaniambia mlangoni, na hakucheka.

Jumatatu, 19 Januari

Tangu juzi Kibet anasema "chumvi" na "asante" tu.

Nimetembea kutoka kwa mteja wangu hadi nyumbani badala ya kupanda basi, nikitazama mapaa. Yenye barafu, yameshika joto lao. Yasiyo na barafu, wanapasha anga. Sikujua kitu hiki wiki mbili zilizopita, na sasa siwezi kupita mtaa bila kuhukumu nyumba za watu.

Jumatano, 21 Januari

Ameanza kushusha!

Nilirudi nikakuta kitanda kimesukumwa, ngazi imesimama, na kishindo juu. Hakuniita. Sikumuuliza. Nilivua viatu nikasimama chini ya ngazi, na boksi la kwanza likashuka mikononi mwangu: BAFU YA WAGENI. Nikalipokea. Tumefanya hivyo hadi Ann akarudi, yeye anateremsha, mimi napokea, hakuna anayezungumza ila "shika" na "nimeshika".

Halafu ikashuka baiskeli. Ndogo, ya waridi, ina magurudumu mawili ya kusaidia. Niliisahau kabisa. Aliinunua Ann akiwa na miaka minne, eti akaipandie kule, uwanja ni mpana. Ann akatoka chumbani kwake, amefikia bega langu sasa, akaiona. Akauliza kwa Kizungu ni ya nani. Kibet kichwa chake kilikuwa pale kwenye tundu la dari, uso una vumbi. Akasema kwa Kiswahili ni yako. Ann akaicheka kidogo, kisha akaacha. Akauliza mbona hakupewa.

Kibet akarudi ndani ya giza. Alikaa sana. Nilimsikia anapenga makamasi, na vumbi ni jingi kweli, lakini nilimjua.

Tumetandaza sufi wawili. Barakoa za kazini kwangu, glavu za kazini kwangu. Iliyolaliwa tumeipigapiga ikafura kidogo, iliyoviringwa tumeilaza juu ya chumba cha Ann kwanza. Inawasha hiyo! Hata sasa shingo inanila. Tulipofika pembeni, tumepiga magoti, Kibet akasema, bila kunitazama, kwamba siku ile hakupaswa kusema lile neno la mtumwa. Nikamwambia asogeze tochi.

Namsamehe. Sitamwambia leo.

Ijumaa, 23 Januari

Nyumba imejaa hadi ngazini. Tunapita kwa ubavu. Na kuna joto! Labda ni mawazo yangu tu, lakini Ann amelala bila kofia, nimekwenda kumtazama, ameitupa sakafuni.

Nilidhani tumemaliza. Nilianza kupanga moyoni: sahani ziende kabatini, taa za kitandani kwa Ann, na yale mapazia mazito, yenye kitambaa cha ndani, yapo ya kutosha dirisha lote la mbele lenye kioo kimoja. Nikatoa pazia moja, nikalipima. Linatosha na kuzidi. Nikamwonyesha Kibet. Akalichukua mikononi mwangu, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akalirudisha kwenye gunia.

Akasema ni la sebule ya nyumbani.

Sebule gani, Kibet? Ile ya ng'ombe?

Hapo ndipo akaniambia. Ameongea na Eddie — Eddie wa mizigo, anayepeleka makontena Mombasa. Anakuja kesho na gari, anachukua vyote. Vyote, hadi baiskeli. Nikauliza vitalala wapi, hakuna bati, hakuna mlango, hakuna hata kufuli la kufungia. Akasema vikifika vitajua pa kulala. Nikamwambia ni bora nimpe Shiku, ni bora nimpe yeyote. Akasema, wewe ulitaka dari, nimekupa dari. Niachie mimi Kapsabet.

Ana haki kidogo, na hiyo kidogo inaniudhi kuliko angekosa kabisa. Kesho hiyo hiyo mkaguzi. Nimeosha kikombe kimoja tangu saa mbili.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika hapa katikati ya ngazi. Siwezi kupanda, siwezi kushuka, na mikono yangu inataka kazi.

Mkaguzi alitangulia. Anaitwa Anastasia, mama wa makamo, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda hapo hapo. Nimemwingiza chumbani mwenyewe. Nilikuwa nimetandika shuka jipya. Hakulitazama. Amepanda darini na tochi na rula, yuko huko sasa, nasikia magoti yake yanatembea juu ya chumba cha Ann. Kila baada ya muda anasimama. Anapima kina cha sufi. Nimemwuliza kutoka chini inaonekanaje, akajibu kwa upole kwamba ile iliyolaliwa haijafura kama inavyotakiwa, lakini bado anaendelea, asingependa kusema.

Sitaki kuomba Mungu kwa ajili ya sufi. Nimeomba.

Eddie naye amefika. Gari limezuia mtaa, dereva mmoja anapiga honi nyuma. Ameshatoa masinki, choo, maboksi ya jikoni. Anafanya haraka, ni kijana mchangamfu, amemtania Kibet kwamba unahamisha hoteli nzima, kaka. Kibet akacheka naye. Wiki tatu sijasikia kicheko hicho. Niliposikia nikawaza, basi viende, hata ng'ombe wavitumie, mradi huyu mtu acheke.

Kisha Eddie akachukua kalamu nene ya kuandikia maboksi. Akauliza mpokeaji nani.

Kibet akasema andika Kapsabet.

Eddie akasema Kapsabet si mtu, kaka. Bandarini wanataka jina, kitambulisho, na simu ya mtu atakayesimama pale apokee.

Kibet akasema Elkana. Eddie akamtazama. Elkana si yuko Canada? Kibet mwenyewe ndiye aliyemwambia. Kibet akasema ndiyo, ndiyo, nimesahau. Akajipapasa mifukoni, akatoa simu. Akaanza kuvuta majina chini kwa kidole. Anavuta. Namwona kutoka hapa juu, anasimama kwenye jina, anapita. Anasimama, anapita. Nayajua hayo majina. Huyu yuko Doha, yule yuko Minnesota, huyu tulichangia mazishi yake. Jina la mama yake bado liko humo, hajawahi kulifuta, na kidole kimesimama hapo zaidi kuliko kwingine.

Mlango wa mbele uko wazi tangu Eddie alipoingia. Baridi imenifikia miguuni. Hakuna anayeufunga. Juu, Anastasia amesema kwamba amemaliza, anaomba njia ashuke.

Kibet ameinua uso. Hanitazami kwa hasira, afadhali angekuwa na hasira. Anauliza kwa sauti ya chini, mbele ya Eddie na kalamu yake, kana kwamba mimi ndiye niliyeweka jibu mahali:

"Maureen, kule tumebaki na nani?"

Nimeinamisha kichwa, naandika, aone nina shughuli.